Mashahidi sita na siku sita: Fumbo lililonirudisha darasani

KAZI ambayo walimu wengi wa shule za upili huikwepa ni ile ya kutengeneza ratiba ya masomo. Mimi niliifanya kwa miaka kumi na minane, katika shule mbili za pwani ya Kenya. Kila likizo ilipokaribia kwisha, wenzangu wakiwa wangali makwao, mimi nilikuwa nimeinamia karatasi ya manila katika chumba cha walimu, nikiwa na penseli, kifutio na vijikaratasi vilivyoandikwa herufi za majina ya walimu. Mwalimu wa Kemia hawezi kuwa katika madarasa mawili kwa wakati mmoja. Maabara ni moja, na kidato cha tatu na cha nne vyote vinataka vipindi viwili vilivyofuatana. Mwalimu wa Dini huja Jumanne na Alhamisi tu, kwa sababu hufundisha pia katika shule ya jirani. Hisabati isiwekwe baada ya chakula cha mchana, maana wakati huo wanafunzi husinzia. Ukimsogeza mmoja, watatu wanagongana.

Kazi hiyo haikuniongezea hata senti moja katika mshahara, wala sikuwahi kuidhania kuwa ni elimu. Niliihesabu miongoni mwa taabu za ualimu, kama zamu ya usiku na kusimamia chakula. Kumbe kulikuwako watu wa ng'ambo waliokuwa wakitahiniwa kazi iyo hiyo, na mustakabali wao ukiitegemea. Hilo nilikuja kulijua mwaka wa 2017, usiku mmoja simu yangu ilipolia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekuwa ndogo hivyo?"

"Nimeshindwa, mjomba."

Alikuwa binti wa dada yangu, anayeishi katika jimbo la Minnesota huko Marekani. Alikuwa amekwisha kupata shahada yake ya kwanza, na usiku alifanya kazi ya kuwatunza wazee katika makao yao, huku akijiandaa kuingia chuo cha sheria. Ifahamike kwamba huko Marekani mtu haanzi kusomea sheria mara tu amalizapo shule ya upili. Hutakiwa kwanza awe na shahada nyingine, kisha ndipo asome sheria kwa miaka mitatu. Na mlangoni mwa vyuo hivyo umesimama mtihani uitwao LSAT, ulioanza kufanywa mwaka wa 1948, ambao alama zake tangu 1991 huhesabiwa kutoka 120 hadi 180. Wanaoutaka ni wengi, na alama tatu nne tu zaweza kuamua kama mtu atasomeshwa kwa msaada wa chuo au atajitwika deni la miaka mingi.

Sehemu za ufahamu na za kupima hoja alizimudu. Lililomshinda ni sehemu ya mafumbo. Mtahiniwa alipewa mafumbo manne, kila moja likiwa na maswali yapata sita, na muda wa kuyajibu yote ulikuwa dakika 35. Ukigawanya, ni dakika nane na robo tatu kwa kila fumbo. Mpwa wangu alikuwa akimaliza mawili, akilianza la tatu, kengele ikalia.

"Mjomba, wanauliza nani atafanya nini siku gani. Hakuna sheria hata moja ndani yake! Nimesoma mpaka nikapata shahada, na vijana waliozaliwa juzi wananipita kwa michezo ya watoto."

Nikamwomba anisomee fumbo moja. Akanisomea polepole, nami nikaandika nyuma ya kalenda iliyokuwa ukutani. Alipomaliza nilicheka hata akadhani namdhihaki.

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo ni ratiba!"

FUMBO LENYEWE

Ili nisilaumiwe kwamba nasifu chakula bila kuwaonjesha wageni, nimetunga fumbo langu mwenyewe kwa mtindo wa yale ya mtihani ule. Msomaji na achukue penseli.

Hakimu mmoja atasikiliza mashahidi sita katika siku sita, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, shahidi mmoja kwa siku. Mashahidi hao ni Asha, Baraka, Chebet, Daudi, Ekiru na Fatuma. Masharti ni haya manne. Kwanza, Chebet atasikilizwa kabla ya Asha, na kati yao patakuwa na siku moja kamili, si zaidi wala si pungufu. Pili, Baraka atasikilizwa siku inayofuata mara moja ile ya Daudi. Tatu, Fatuma atasikilizwa kabla ya Ekiru, iwe ni kwa siku moja au zaidi. Nne, ikiwa Daudi atasikilizwa Jumatatu, basi Ekiru atasikilizwa Jumamosi.

Swali: ikiwa Fatuma atasikilizwa Jumatatu, ni jambo gani juu ya Ekiru ambalo lazima liwe kweli?

Mashahidi sita bila sharti lolote waweza kupangwa kwa njia 720. Mtu akianza kubahatisha moja baada ya nyingine, dakika zake nane zitakwisha hajafika popote. Hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza la mpwa wangu. Alikuwa akisoma masharti upesi upesi, kisha anakimbilia maswali, na kwa kila swali anarudi kuyasoma masharti upya. Nikamwambia kwamba fundi wa ratiba haanzi na yule anayeweza kuwekwa popote. Huanza na yule aliyebanwa zaidi. Mwalimu wa Dini wa Jumanne na Alhamisi ndiye wa kwanza kuandikwa, na mwalimu wa Kiswahili aliyepo siku zote ndiye wa mwisho.

Hapa aliyebanwa zaidi ni nani? Ni Chebet na Asha. Wao ni kama jozi iliyofungwa kwa kamba yenye urefu mmoja, na jozi hiyo ina mahali panne tu pa kukaa: Jumatatu na Jumatano, Jumanne na Alhamisi, Jumatano na Ijumaa, au Alhamisi na Jumamosi. Basi tuziandike ratiba nne, tuone kila moja itatupeleka wapi.

Chebet akiwa Jumatatu na Asha Jumatano, zimebaki Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Daudi na Baraka wanataka siku mbili zinazogusana, kwa hiyo watakaa Alhamisi na Ijumaa, au Ijumaa na Jumamosi. Katika hali ya kwanza, Fatuma ni Jumanne na Ekiru ni Jumamosi. Katika hali ya pili, Fatuma ni Jumanne na Ekiru ni Alhamisi. Ratiba mbili zimepatikana.

Chebet akiwa Jumanne na Asha Alhamisi, siku zinazogusana zilizobaki ni Ijumaa na Jumamosi peke yake. Hizo ni za Daudi na Baraka. Fatuma atakuwa Jumatatu na Ekiru Jumatano. Hiyo ni ya tatu.

Chebet akiwa Jumatano na Asha Ijumaa, Daudi na Baraka hawana ila Jumatatu na Jumanne. Fatuma anabaki na Alhamisi, na Ekiru na Jumamosi. Sharti la nne linatutaka tuhakikishe kwamba Daudi wa Jumatatu anaandamana na Ekiru wa Jumamosi, na ndivyo ilivyo. Hiyo ni ya nne.

Chebet akiwa Alhamisi na Asha Jumamosi, Daudi na Baraka waweza kukaa Jumatatu na Jumanne, au Jumanne na Jumatano. Lakini Daudi akikaa Jumatatu, Ekiru atatakiwa Jumamosi, na Jumamosi imekwisha kuchukuliwa na Asha. Njia hiyo imefungwa. Basi Daudi ni Jumanne, Baraka ni Jumatano, Fatuma ni Jumatatu na Ekiru ni Ijumaa. Hiyo ni ya tano, na hakuna ya sita.

Kutoka 720 tumebakiwa na tano. Sasa rudi kwenye swali. Fatuma yuko Jumatatu katika ratiba ya tatu na ya tano tu. Katika ya tatu, Ekiru ni Jumatano, katikati ya Chebet wa Jumanne na Asha wa Alhamisi. Katika ya tano, Ekiru ni Ijumaa, katikati ya Chebet wa Alhamisi na Asha wa Jumamosi. Kwa hivyo hatuwezi kusema Ekiru atasikilizwa siku gani, lakini twaweza kuapa kwamba atasikilizwa katika siku ile moja iliyo kati ya Chebet na Asha. Hilo ndilo jibu.

Zingatia, ewe msomaji, kwamba hatukumaliza kwa kuijua ratiba. Hakuna aliyetuambia ni ipi kati ya zile tano hakimu ataifuata. Tulichokipata ni uwezo wa kutenga mambo katika mafungu matatu: lililo lazima, liwezalo kuwa, na lisilowezekana kabisa. Wakili asiyeyatenga mafungu hayo atamfunga mteja wake mwenyewe. Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu asidanganyike kwamba hakuna sheria ndani ya mafumbo yale. Mkataba wa kukodi nyumba una sharti juu ya sharti, na kifungu cha sheria husema jambo fulani litafanyika ikiwa jambo jingine limetangulia, isipokuwa pale ambapo jambo la tatu limezuia. Kazi ya kuvisoma vifungu hivyo na kazi ya kuwapanga mashahidi sita ni ndugu wa baba mmoja.

NENO "IKIWA"

Kosa lake la pili lilikuwa kubwa zaidi, nami nalifahamu kwa sababu nimelisahihisha katika insha za wanafunzi kwa miaka mingi. Lilitokana na neno dogo "ikiwa".

Litazame tena sharti la nne. Ikiwa Daudi ni Jumatatu, basi Ekiru ni Jumamosi. Je, tukiambiwa kwamba Ekiru ni Jumamosi, yafaa tuseme kwamba Daudi ni Jumatatu? Wengi watajibu ndiyo, na mpwa wangu alijibu hivyo hivyo. La hasha! Katika ratiba yetu ya kwanza Ekiru alikuwa Jumamosi ilhali Daudi alikuwa Alhamisi, na hakuna sharti lililovunjwa. Tunachoruhusiwa kukisema ni kwamba, ikiwa Ekiru hakusikilizwa Jumamosi, basi Daudi hakusikilizwa Jumatatu. Sentensi ya masharti haigeuzwi kama shati. Ukitaka kuigeuza, sharti uvikanushe vipande vyote viwili.

Kuna atakayeuliza: haya yana faida gani kwetu, ambao mtihani huo si wetu? Hapa kwetu kijana hutahiniwa kwa KCSE, ambayo ilianza mwaka wa 1989, wala hakuna anayemuuliza habari za mashahidi sita. Nami nitamjibu kwa kisa nilichokiona kwa macho yangu.

Asubuhi moja, katika kituo kimoja cha matatu, mvulana alikuwa akikimbia na mkoba begani. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mwizi!" Hakuna aliyeuliza kaiba nini, wala kamwibia nani. Kufumba na kufumbua, watu kumi walikuwa nyuma yake, watano kati yao wakiwa na mawe mikononi. Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza samaki, aliyeacha karai lake na kumkumbatia mvulana huyo huku akipiga kelele kwamba anamjua. Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule yetu. Alikuwa akiliwahi gari ili asichelewe, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimemwonya juu ya kuchelewa.

Sasa tuipime hoja ya wale watu kumi. Walikuwa na kanuni moja kichwani: mtu akiwa mwizi, hukimbia. Wakaona mtu anakimbia. Wakahitimisha kwamba ni mwizi. Ni kosa lile lile la Ekiru na Jumamosi, ila safari hii jibu baya lilikuwa litolewe kwa mawe. Mwizi hukimbia, na mwanafunzi aliyechelewa hukimbia pia, na mtu aliyesikia mwanawe ameugua hukimbia pia. Wangapi wamekufa katika miji yetu kwa sababu ya sentensi iliyogeuzwa? Sisemi kwamba hasira na umaskini havina sehemu yao. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kujiuliza "je, ni lazima iwe hivyo, au huenda tu?" mkono wake hukawia kidogo kabla ya kuliokota jiwe.

Nasi walimu, je, tunawazoeza vijana wetu swali hilo? Aghalabu hatuwazoezi. Tunawapa maelezo, wanayanakili, wanayakariri kama kasuku, na siku ya mtihani wanatapika walichomezeshwa. Mwanafunzi akitoa jibu sahihi, tunampa alama bila kumwuliza amelifikiaje. Akitoa jibu lenye makosa, tunatia mkasi na kuendelea. Hata somo la Kiswahili, ambalo limejaa "kabla ya", "mara tu baada ya", "isipokuwa", "maadamu" na "ikiwa tu", tunalifundisha kana kwamba maneno hayo ni mapambo. Ilhali tofauti ya "Fatuma kabla ya Ekiru" na "Fatuma siku moja kabla ya Ekiru" yaweza kubadilisha ratiba nzima, na katika hati ya shamba yaweza kumpokonya mjane ardhi yake.

Wala tusijidanganye kwamba fikira za namna hii zimeletwa na wageni. Nani kati yetu hakutegewa, angali mtoto, fumbo la mtu aliyetaka kuvuka mto na chui, mbuzi na majani, na chombo chake hakichukui vyote? Chui na mbuzi hawaachwi peke yao, wala mbuzi na majani. Bibi zetu walilitega fumbo hilo bila ubao wala chaki. Nalo ni ratiba: nani avuke lini, na nani asibaki na nani. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Wahenga walilijua hilo kabla ya mtahini yeyote.

KIJANA ALIYEKETI NYUMA

Mpwa wangu aliufanya mtihani wake baada ya miezi minne ya mazoezi. Kila Jumapili tulizungumza kwa simu, nami nilimtungia mafumbo ya ratiba kutokana na shule zangu za zamani. Alipata nafasi katika chuo cha sheria, ingawa hakikuwa kile alichokitamani kwanza. Nilifurahi, na nakiri kwamba nilijivuna pia.

Kisha, mwezi wa Oktoba mwaka wa 2023, akanipigia kuniambia kwamba mafumbo yale yanaondolewa. Baraza la LSAC, ambalo huuendesha mtihani huo, lilikuwa limetangaza kwamba mtihani wa Juni 2024 ungekuwa wa mwisho kuwa nayo. Na ndivyo ilivyokuwa. Tangu Agosti 2024, alama hutolewa kwa sehemu mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu, na mashahidi wa Jumatatu hadi Jumamosi hawamo tena.

Nilikasirika. Nikamwambia kwamba wazungu nao wameanza kuogopa kazi ngumu. Akaninyamazia kidogo, kisha akasema, "Mjomba, uliza kwanza sababu."

Sababu ni hii. Kijana mmoja asiyeona, mkazi wa jimbo la Michigan, alikuwa ameutaka ubingwa wa sheria kama wengine. Kwenye mafumbo yale, karibu kila mtahiniwa huchora: huandika siku sita kwa safu, huweka herufi chini yake, hufuta, huandika tena. Asiyeona hana mchoro wa kuutazama, na kubeba ratiba tano kichwani huku saa ikikimbia si sawa na kuziona tano kwenye karatasi. Mwaka wa 2011 alikwenda mahakamani. Kesi zilichukua miaka mingi, na mwaka wa 2019 pande mbili zikapatana: baraza likaahidi kutafuta, katika muda wa miaka minne, namna nyingine ya kupima uwezo ule wa kufikiri. Tangazo la 2023 lilikuwa tunda la mapatano hayo.

Niliposikia hayo, hasira yangu ilikatika mara moja, na mahali pake pakaingia kumbukumbu ambayo nisingeitaka. Mwaka wa 1994 nilikuwa na mwanafunzi asiyeona katika kidato cha pili. Alikuwa mtulivu, mwenye kumbukumbu ya ajabu, na mashine yake ya Braille ilisikika darasani kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Siku moja, somo likiwa limekwisha mapema, niliandika ubaoni fumbo la ratiba la kuwachangamsha wanafunzi. Wakaanza kuchora na kubishana kwa furaha. Yeye akauliza kumeandikwa nini. Nikamjibu, "Wewe ngoja kwanza wenzako wamalize, nitakusomea."

Wakamaliza. Kengele ikalia. Nilipokuwa nikifuta ubao, alinijia akipapasa madawati. "Mwalimu, hukunisomea."

"Kesho," nikasema.

Kesho hiyo haikufika. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na keshokutwa yake nilikuwa na zamu, na baadaye nikasahau. Yeye hakuuliza tena. Sikumtukana wala sikumpiga. Nilimwambia tu, kwa maneno mengine, kwamba kufikiri ni kwa wale wanaoona ubao. Nami nilikuwa nimefanya kosa lile lile la sentensi iliyogeuzwa ambalo leo nawakemea wengine: anayechora vizuri hulifumbua fumbo, huyu hawezi kuchora, basi hawezi kulifumbua.

Baada ya kuzungumza na mpwa wangu, nilichukua ubao wangu wa bao. Nikatenga mashimo sita ya safu moja yawe siku sita. Nikatafuta vitu sita visivyofanana vikiguswa: simbi, kokwa la embe, kifuniko cha soda, kifungo, msumari na kipande cha mkaa. Viwili kati yao nikavifunga pamoja kwa uzi, viwe Daudi na Baraka. Kisha nikafumba macho na kujaribu kulifumbua fumbo nililowapa leo kwa vidole peke yake. Nilifaulu, lakini nilichukua zaidi ya nusu saa, mimi niliyelitunga mwenyewe! Hapo nikajua mambo mawili. La kwanza, kwamba akili haikai machoni. La pili, kwamba kumpa mtu yule dakika nane kama wenzake wenye penseli si kumpima akili hata kidogo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Baraza lile lilifanya sawa kuyaondoa mafumbo katika mtihani, kwa kuwa mtihani ni mlango, na mlango haufai kumzuia mtu kwa jambo lisilohusu kazi anayoiendea. Wakili asiyeona hatachora ratiba mahakamani. Atasoma kwa vidole au atasomewa, na atatoa hoja. Lakini darasa si mlango. Darasani hakuna saa ya dakika 35, hakuna chuo kinachongoja alama, na hakuna sababu ya kumkosesha mtoto yeyote raha na faida ya fumbo. Kilichoondolewa katika mtihani wa Marekani chafaa kuingizwa katika vipindi vyetu, kikiandaliwa kwa namna itakayomfikia kila mwanafunzi aliye mbele yetu.

Walimu wenzangu, haigharimu kitu. Mara moja kwa juma, tega fumbo la ratiba kwa dakika kumi. Lisome kwa sauti, mara mbili. Waache wanaochora wachore, na wanaotaka kokoto wapange kokoto. Asiyeona apewe vitu vya kushika. Kisha mwulize kila anayejibu, "Je, ni lazima, au huenda tu?" Usimwachie mpaka amekueleza njia aliyopitia.

Nanyi wanafunzi, msikubali kuambiwa kwamba hamna vichwa vya mambo haya. Mpwa wangu aliambiwa hivyo na nafsi yake mwenyewe, na ilikuwa imekosea. Anzeni na aliyebanwa zaidi, andikeni kila njia iliyobaki, na msiigeuze sentensi ya "ikiwa".

Mwanafunzi wangu yule wa 1994 sijamwona tena. Leo atakuwa mtu mzima mwenye watoto. Ikiwa kuna mtu anayemsomea gazeti hili, namwomba arudi juu alisome fumbo la mashahidi sita polepole, mara mbili, kisha amwulize swali hili ambalo sikulijibu: Ekiru akisikilizwa Alhamisi, Daudi atasikilizwa siku gani? Asimharakishe. Nimemchelewesha mimi, si yeye.